Kitu Kisicholiwa

Jumapili, 12 Januari

Mwanangu Komora amemaliza sasa hivi kumwaga uji wake wote kwenye mche. Wala haikuwa bahati mbaya. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akatembea polepole kama mzee wa kanisa aliyebeba sadaka, akainama mbele ya mkebe, akasema "kunywa," akamwaga. Halafu akakaa chini kungoja umeze. Nimecheka mpaka nimekosa nguvu ya kumgombeza.

Daftari hili ni la kidato cha pili, nilipoachia shule. Kurasa nyingi bado nyeupe. Nimesema nitaandika mambo ya miche hii ili Ishmael akija nimsomee, maana kwa simu mume wangu husema "enhe, enhe" tu kisha mtandao unakatika.

Miche ni mitatu. Ameituma kutoka Nanyuki, anakofanya kazi ya bustani kwenye nyumba moja ya wageni. Ilipanda basi mpaka Garsen, na Charo wa bodaboda akaileta hapa Ngao jana ikiwa juu ya tangi, imefungwa gazeti. "Mama Komora," akaniambia, "harufu ya hii kitu naiogopa. Isije ikawa ni ile, nikafungwa mimi." Nikamwambia bangi ni ya kijani. Hii majani yake ni ya fedha, kama mtu ameyapaka majivu wakati tumelala. Ukiyafikicha yananukia kama dawa ya kifua. Ishmael anasema utarefuka mpaka unifike begani, utatoa maua ya zambarau, na hautaki maji mengi. Huko wanaupanda kwenye changarawe. "Ukitoa maua," alisema, "nitaomba ruhusa nije niyaone na nyinyi." Hajaja tangu Komora akitambaa.

Mama mkwe wangu alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Akaitazama ile mikebe.

"Huliwa?"

"La, mama."

"Ni dawa?"

"Sidhani."

"Hujengewa?"

"Ni maua, mama."

Akaendelea kupepeta. Baadaye kidogo akasema, "Na hautaki maji mengi."

"Ndivyo anavyosema Ishmael."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Najua kwa nini. Kila mtu hapa anajua. Marehemu mumewe, Mzee Komora, ambaye mtoto wangu amepewa jina lake, ndiye aliyeleta mathenge ya kwanza kijijini. Alirudi kutoka kwenye baraza na mche mmoja kwenye mkebe. Walikuwa wameambiwa ni mti usiotaka maji, utaleta kuni na kivuli. Alifurahi, akawagawia na majirani. Sasa mathenge imemeza mashamba na kuziba njia za mifugo kwenda mtoni. Mwiba wake unatoboa tairi, sembuse unyayo, na mbuzi wakizoea maganda yake meno yanaoza. Kile kichaka kikubwa nyuma yetu watu hukiita Shamba la Mzee Komora. Hukiita wakicheka. Mama hacheki.

Yeye humwita mtoto wangu "mume wangu," kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu mwenye jina la mzee wake. Leo alipomwona amechutama mbele ya mkebe alisema tu, "Mume wangu, hata wewe?"

Alhamisi, 16 Januari

Nimepanda. Mama amenipa kipande cha chini, karibu na migomba, udongo mweusi ulioachwa na mafuriko. Nilidhani ataninyima. "Kama ni kupanda, panda pazuri," alisema. "Kikifa usiseme ni mimi." Nimechimba mashimo mapana, nikatia samadi, nikazungushia vijishimo vya kukalisha maji kama tufanyavyo migomba. Ishmael amesema maji kidogo, lakini yeye yuko kwa baridi. Kwa jua la huku hata jiwe lingeomba maji. Mtungi asubuhi, mtungi jioni.

Jumamosi, 18 Januari

Joto. Komora ana vipele mgongoni. Nimemwogesha tena na tena, na miche nayo.

Jumatano, 22 Januari

Mtoni leo Lydia, jirani yetu, alinipazia sauti mbele ya wanawake wote. "Mama Komora, nasikia mmepanda tena!" Wakaangua kicheko. "Safari ile babu alituletea miiba. Safari hii mwanawe katuletea nini, misumari?"

Nikasema ni maua.

"Hata ile ilikuwa na maua, dada."

Mama alikuwa nyuma yangu akijaza maji. Alijitwisha mtungi akaenda, maji yakimchuruzika shingoni na hayafuti. Nikamwonea huruma sana. Tulipofika nyumbani akaniambia ugali wangu ni mbichi, huruma ikaisha.

Jumatatu, 27 Januari

Majani ya chini yamegeuka manjano. Nimeongeza maji.

Ijumaa, 31 Januari

Mmoja umekufa. Umelala tu, kama mtu aliyechoka kusimama. Shina kwa chini ni jeusi na laini, kama ndizi iliyooza.

Na kuna jambo. Asubuhi nilipofika, kabla sijamwaga hata tone, udongo ulikuwa umelowa chapachapa. Mvua haijanyesha tangu kabla ya Krismasi. Mtu anamwaga kitu pale. Sitaki kuandika ninachowaza. Lakini ni nani mwenye sababu? Labda ni maji ya chumvi. Labda ni ya sabuni. Anakula chakula ninachopika, anamlaza mwanangu mapajani, na huku anaenda kimyakimya kuua kitu ambacho mwanawe mwenyewe amemtumia mkewe. Leo nimemwitikia kwa mdomo tu.

Jumapili, 2 Februari

Mama alisema kichwa kinamuuma, haendi kanisani. Nikamfunga Komora mgongoni nikatoka na Biblia, nikafika kwenye kona, nikageuka. Nilipita nyuma ya migomba nikinyata, Komora akidhani ni mchezo, akinizibia mdomo kwa kiganja chake.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mche, ana kata mkononi.

"Mama! Unamwaga nini hapo?"

Alishtuka, kata ikamtoka. "Maji."

"Maji ya nini?"

"Maji ya mto, maji ni ya nini?" Akanitazama, akaelewa. Akaiokota ile kata, ilikuwa imebaki na maji kidogo, akaninyooshea. "Onja."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikachovya kidole nikaonja. Maji.

"Mimi hiki kitu sikipendi," mama akasema. "Nakichukia tangu kiliposhuka kwa pikipiki. Lakini siwezi kupita mbele ya kitu kina kiu. Asubuhi nikienda kufukuza ndege kwenye mpunga napitia hapa. Nikirudi napitia. Hata ile mathenge, baba yenu nilimgombeza wee, kwamba mashamba yetu yana maji, mti usiotaka maji wa nini? Halafu yeye akasahau kuinywesha, akaenda zake kwenye vikao." Akaufuta udongo kwenye goti. "Ni mimi niliyeinywesha, Loise. Watu husema ni ya Mzee Komora. Yeye aliileta tu."

Komora ndiye aliyejibu. Alishuka mgongoni, akachukua kata, akammwagia bibi yake yale maji yaliyobaki mguuni. "Kunywa," akamwambia.

Nimehesabu usiku huu na kuona aibu. Mtungi wangu wa asubuhi na wake wa asubuhi, wake wa mchana na wangu wa jioni, na uji wa Komora juu yake. Mche wa pili nao hauna tumaini.

Jumatatu, 3 Februari

Qabale, mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, tumezoeana tangu nilipojifungua. Leo nilimpeleka nyuma akaone. Aliushika ule mche wa tatu kwa vidole, akachimba kidogo, akanusa udongo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nyinyi watu ya mto! Kila kitu nadhani ni mgomba. Hii haina kiu, Mama Komora. Hii nazama."

"Sasa nifanyeje?"

"Toa huku. Peleka pale juu, kwa mchanga, kwa jua. Halafu wewe na huyu mama mzee fungeni mikono."

"Nifunge mikono?" Mama alikuwa amesimama na kata, kama kawaida.

"Funga, mama. Kiu kidogo haiui mtu. Sisi nashinda malishoni na tuko hai."

"Ndiyo maana mmekauka hivyo," mama akasema, na Qabale akacheka zaidi, akampiga begani. Tumeuhamisha kule juu karibu na kamba ya nguo, pana mchanga na vijiwe, pahali ambapo hata pilipili haijawahi kutaka.

Alhamisi, 6 Februari

Hatujamwaga. Mama ameuzunguka mikono nyuma kama askari wa zamu.

Jumapili, 9 Februari

Bado.

Alhamisi, 13 Februari

Bado uko hai. Komora alikuja na kikombe, bibi yake akamdaka njiani. "Mume wangu, wacha. Tumeambiwa tusiupende sana."

Alhamisi, 20 Februari

Jani jipya! Ni dogo, limekunjika, lina manyoya kama sikio la ndama. Nilimwita mama. Akaliangalia, akaenda akarudi akivuta mbuzi wake kwa kamba.

"Unafanya nini, mama?"

"Nataka kujua. Mathenge ilienea kwa tumbo la mbuzi. Anakula maganda huku, anakunya mbegu kule. Hiki akikila, nang'oa leo."

Mbuzi alisogea, akanusa, akapiga chafya, akageuza uso. Mama akamsukuma tena. Akapiga chafya tena, akaenda kula kamba ya nguo.

Nilidhani mama atafurahi. Alisimama akisikitika kama mtu ambaye mgeni wake amekataa chakula. "Hata mbuzi hakitaki," alisema. "Sasa huyu Ishmael ametuletea nini?"

Jioni, tukichambua mboga, akaniambia alichoamua. "Kitoe maua, mwanangu ayaone, ni sawa. Lakini yakianza kukauka, kabla ya mbegu, nakata. Usidhani ni ubaya. Sitaki kufa watu wakisema nyumba hii imefanya mara ya pili."

Nimekubali. Ningekataa vipi? Shamba ni lake, na aibu pia ni yake. Nimeomba tu Ishmael awahi.

Jumamosi, 1 Machi

Umenifika gotini. Joto lile lile. Mto umeshuka, tunateremka mbali kuchota.

Jumamosi, 8 Machi

Komora alimfukuza kuku mpaka ukingoni mwa kile kichaka. Nilikuwa nikianika nguo, nimempa mgongo kidogo tu. Nilisikia kilio ambacho si cha kuanguka. Kilio cha kuanguka nakijua, huanza na kimya. Hiki kilianza juu.

Kabla sijatupa nguo mama alikuwa ameshanipita. Yeye anayelia magoti kila asubuhi, alinipita mbio. Mwiba wa mathenge ulikuwa umepita kandambili, umeingia katikati ya unyayo, umevunjikia ndani. Mama alimbeba, damu ikimtiririkia kwenye leso, akawa anasema njia nzima mpaka hospitali, "Nisamehe, mume wangu. Nisamehe, mume wangu." Sijui alikuwa akisema na Komora yupi.

Muuguzi alikuwa mpole. Aliutoa mwiba, akasafisha, akamdunga sindano, akatuambia tumrudishe kidonda kiangaliwe. Komora aliushika ule mwiba kwenye pamba akauangalia kwa heshima. Alitaka kuja nao nyumbani.

Tulipofika mama aliniwekea mtoto mapajani. Hakukaa. Akachukua panga nyuma ya mlango.

"Mama," nikamwita. "Mama, bado hakijatoa maua."

Akatoka nalo. Nilitaka kuinuka, lakini Komora alikuwa amenishika shingo kwa mikono yote miwili na usingizi unamchukua, kila nikitikisika anaguna. Nikasikia panga kule juu. Ta. Ta. Ta. Nikalia pale nilipokaa, bila sauti, machozi yakimdondokea mwanangu nyweleni. Nilikuwa nikiona Ishmael akipiga simu, naye Nanyuki amepanga safari, na mimi nimwambie hapana kitu cha kujia. Na hata hasira sikuwa nayo. Ningekuwa yeye, nami ningekata.

Ta. Ta. Mche gani mdogo unakatwa muda mrefu hivyo?

Mtoto alipolala vizuri nilimweka mkekani, nikaenda. Mche umesimama. Mama alikuwa amefyeka mathenge yote iliyotambaa kuja upande wa ua wetu, ukuta mzima, ameivuta matawi na kuyarundika, mikono yake imechanika mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anahema.

"Nilikuwa na hasira ya kukata," alisema bila kunitazama. "Nikaona bora nikate chenye makosa."

Nikamletea maji ya uvuguvugu na chumvi, nikamwosha mikono. Alikuwa anashtuka kila nikigusa, lakini hakuiondoa.

Jumapili, 9 Machi

Komora anachechemea na anajivuna. Anamwonyesha kila mtu bandeji, hata mbuzi.

Jumamosi, 22 Machi

Machipukizi! Vijiti vya fedha vimepanda juu, na kila kijiti kina vitone vya zambarau vilivyobana kama ngumi za mtoto mchanga.

Nilimpigia Ishmael nikapiga kelele. Alifurahi, kisha akaanza kuzungumzia kazi, nami nikajua. Ameomba ruhusa. Wanasema wageni ni wengi mpaka Pasaka, aje baada ya hapo. "Yatanisubiri?" aliniuliza. Nikasema yatasubiri. Kwa nini nimesema hivyo?

Jumamosi, 29 Machi

Yamefunguka. Sijui kuandika kitu kizuri, sikusoma sana. Asubuhi kabla ya jua kupanda ule mche mzima ni kama moshi wa zambarau uliosimama wima ukakataa kupaa. Nyuki wamejaa. Kila kitu pande hizi ni rangi ya vumbi, halafu kuna hicho.

Lydia alikuja kuazima kinu, lakini kinu anacho. Akasimama kwenye kamba ya nguo, mdomo wazi.

"Mama Ishmael, nipe kijitawi nikapambe meza ya kanisa."

"Hiki hakitoki hapa," mama akasema.

"Ee! Umekuwa mchoyo wa majani?"

"Mzee wangu hakuwa mchoyo, akawagawia. Mkamshukuru?"

Lydia akamwita mama kwa jina lake, taratibu, "Sisi nasi tulipokea, Rachael. Hakutushika mikono kutulazimisha." Akaomba akae kidogo aangalie, na mama akamletea ile ndoo akalie.

Jumapili, 6 Aprili

Ya chini yamekauka. Nimeyaona tangu Ijumaa nikajifanya sijaona. Pasaka bado wiki mbili.

Baada ya kanisa nilichukua kisu jikoni nikampelekea mama mwenyewe. Nilitaka nimpe mimi, asije akaonekana mwovu kwenye nyumba yake. "Tuliahidiana," nikasema.

Alikipokea, akapiga magoti mbele ya mche. Nikageuza uso. Nikasikia kisu, kidogo tu, kama mtu anakata kucha. Nilipogeuka alikuwa na kijikonyo kimoja kikavu mkononi. Akakitia kwenye mkebe, ule ule mche ulimosafiria, akashika kingine.

"Mama?"

"Nilisema nakata kabla ya mbegu. Sikusema nakata nini." Akakata kingine. "Hakitazaa. Lakini kiishi, kwani kimemkosea nani? Wewe shika mkebe. Kisianguke hata kimoja."

Jumamosi, 12 Aprili

Kila asubuhi anafanya zamu yake na kisu, Komora nyuma yake na mkebe. Vikavu vyote tunavichoma chini ya sufuria. Wali wetu siku hizi unanukia dawa ya kifua. Qabale ameonja akasema sasa hata yeye atapona.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua ya kwanza. Mama alitoka na gunia akaufunika mche. Nikamwambia mvua ni ya Mungu. "Mungu hajaambiwa na Qabale," akasema.

Jumatano, 23 Aprili

Ishmael amepiga kutoka Malindi, basi linatoka sasa. Nimefagia, nimeteka maji, Komora amevaa shati la Krismasi na tayari lina matope.

Sijamwambia. Nilianza tena na tena ikanishinda. Yale aliyosema atakuja kuyaona, mama yake ameyakata yote, moja moja, la mwisho Jumamosi. Kilichobaki ni vijiti vya fedha. Nimepanga nimwambie hivi: maua yako hayapo, lakini njoo umwone aliyeyatunza. Nitamwonyesha mikono ya mama, makovu yale. Nitamsomea tarehe nane Machi. Nadhani ataelewa, na asipoelewa nitamsomea tena. Mimi mwenyewe nilimwona mama kama mtu mwingine kabisa nilipoanza daftari hili, na tulikuwa tunakula sufuria moja...

Mama ananiita kutoka kule juu. "Loise! We Mama Komora! Wacha hilo daftari, njoo! Pale nilipokata kimetoa maua tena, tazama, pawili pawili! Mume wangu, usiguse, angalia kwa macho! Loise!"

Nakuja, mama. Nikirudi nitaandika ni rangi gani hasa, maana Ishmael nilimwambia zambarau, lakini yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka, na mvua imetoka kunyesha, huwa yana...